Mcheza Kwao Hutuzwa: Wapinzani wa Nje ya Ligi katika Mpira wa Vikapu wa Vyuo vya Marekani

Mcheza kwao hutuzwa, walinena wahenga. Aghalabu methali hii hutumiwa kumsifu mtu anayethaminiwa na watu wake. Hata hivyo, ina upande wa pili ambao hautajwi mara nyingi. Anayecheza kwao siku zote, mbele ya watu wake, dhidi ya mpinzani aliyejichagulia mwenyewe, huweza kutuzwa hata pale asipostahili tuzo. Upande huu wa pili hudhihirika wazi katika mpira wa vikapu wa vyuo vikuu nchini Marekani, hasa katika majuma ya kwanza ya msimu, kuanzia mapema mwezi wa Novemba hadi mwisho wa Disemba.

Yamkini msomaji wa jarida la Kiswahili atauliza: mchezo huo wa ng'ambo unatuhusu nini? Jambo lenyewe haliko mbali kama linavyodhaniwa. Baadhi ya vyuo vya Marekani ambavyo vimekuwa vikifundisha Kiswahili, kama vile Kansas, Indiana, Wisconsin na Michigan State, ndivyo hivyohivyo vinavyotajika katika mpira wa vikapu. Mkenya anayekwenda huko kufundisha Kiswahili kwa mwaka mmoja, au kusomea shahada ya juu, hukuta kwamba Novemba ikiingia mazungumzo ya wanafunzi wake hugeuka. Swali linaloulizwa kila kona ya chuo ni moja: mwaka huu tunacheza na nani? Mwalimu akitaka wanafunzi hao walizungumzie jambo lililo moyoni mwao kwa Kiswahili, hana budi kulijua jambo lenyewe na kulitafutia maneno.

Tukianza na maneno basi, ipo haja ya kutanzua istilahi moja. Vyuo vinavyoshindana katika daraja la juu kabisa la mchezo huu ni zaidi ya 350. Vimegawanyika katika makundi zaidi ya 30, na kila kundi lina ratiba yake na bingwa wake. Kwa Kiingereza kundi la aina hiyo huitwa kwa neno lilelile ambalo sisi tumezoea kulitafsiri kuwa "kongamano". Mfasiri mwenye pupa ataandika "wapinzani wasio wa kongamano", na msomaji atadhani kuna wasomi walionyimwa mwaliko mahali fulani. Maana inayokusudiwa ni ligi, yaani kundi la vyuo vilivyokubaliana kukutana kila mwaka. Kwa hivyo makala hii itasema "mechi za ligi" na "mechi za nje ya ligi", na wale wanaochezwa nao katika mechi hizi za pili itawaita wapinzani wa nje ya ligi.

Ratiba hutungwaje?

Timu ya chuo hucheza mechi zipatazo 30 kabla ya mashindano ya mwisho wa msimu. Kati ya hizo, 18 au 20 aghalabu huwa za ligi, nazo hupangwa na ligi yenyewe. Hapo chuo hakina hiari. Kitacheza na mwanaligi mwenzake kipende kisipende, nyumbani na ugenini. Mechi zinazosalia, 11 au 13 hivi, ndizo za nje ya ligi. Hizi hutungwa na kocha na wasaidizi wake kwa simu na mikataba. Kocha ndiye anayeamua atamkaribisha nani, atamtembelea nani na atamkwepa nani. Ndiyo maana ratiba ya nje ya ligi, inapotangazwa kabla ya msimu, hujadiliwa na mashabiki kwa ukali kuliko ratiba ya ligi. Ya ligi imeletwa. Ya nje ya ligi imechaguliwa, na aliyechagua anaweza kuulizwa sababu.

Mechi hizi ni za aina nne. Kwanza, kuna ziara za kurudishiana: mwaka huu wewe njoo kwetu, mwakani sisi tuje kwenu. Pili, kuna mechi za uwanja usio wa yeyote, aghalabu katika mji mkubwa, ambapo mashabiki wa pande zote mbili hugawana viti. Tatu, kuna mashindano ya siku chache yanayokusanya timu kadhaa mahali pamoja, kama yale ya Maui katika visiwa vya Hawaii yaliyoanza mwaka 1984. Nne, na hapa ndipo penye mjadala, kuna mechi za kununuliwa. Chuo kikubwa hukilipa chuo kidogo makumi ya maelfu ya dola ili kije, kicheze, kiondoke, bila deni lolote la kurudishiwa ziara. Mnunuzi hutarajia ushindi, mapato ya mlangoni na jioni ya furaha kwa mashabiki wake. Muuzaji hutarajia hundi.

Hundi isiyonunua ushindi

Matarajio hayo yalivurugwa mara mbili katika mwezi mmoja mnamo mwaka 2019. Tarehe 12 Novemba, Kentucky, iliyokuwa imeorodheshwa ya kwanza nchini, iliikaribisha Evansville, chuo kidogo cha jimbo la Indiana, kwa malipo ya dola 90,000. Evansville ilishinda kwa alama 67 kwa 64. Majuma mawili baadaye, tarehe 26 Novemba, Duke, ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa ya kwanza, iliikaribisha Stephen F. Austin ya Texas kwa dola 85,000. Duke ilikuwa imeshinda mechi 150 mfululizo za nyumbani dhidi ya wapinzani wa nje ya ligi, tangu mwaka 2000. Mchezo ulikwenda hadi muda wa ziada, na katika sekunde za mwisho Nathan Bain, kijana wa Bahamas, alipokea mpira, akakimbia hadi kwenye kikapu na kufunga. Ikawa 85 kwa 83.

Kisa cha Bain kina uzito wake. Miezi michache kabla ya usiku huo, kimbunga Dorian kilikuwa kimeiharibu nyumba ya familia yake huko Bahamas, na chuo chake kilikuwa kimeanzisha mchango wa kuwasaidia. Kabla ya mechi ile mchango ulikuwa ukisuasua. Baada yake watu wasiomjua, wakiwemo mashabiki wa timu aliyoishinda, walitoa zaidi ya dola laki moja kwa muda wa siku chache. Mpinzani aliyeletwa kama jina tupu la kujazia ratiba alipata sura, familia na kisa.

Miaka 37 kabla ya hapo jambo la aina hiyohiyo lilitokea Honolulu. Tarehe 23 Disemba 1982, Virginia, timu ya kwanza nchini, ilisimama Hawaii ikirejea kutoka Japani. Nyota wake alikuwa Ralph Sampson, mwenye kimo cha zaidi ya mita 2.2. Mpinzani alikuwa Chaminade, chuo chenye wanafunzi wasiofika elfu moja, kisichokuwa hata katika daraja moja na Virginia. Chaminade ilishinda kwa alama 77 kwa 72. Mashindano ya Maui yaliyotajwa hapo juu yalizaliwa kutokana na ushindi huo, na Chaminade ndiyo iliyokuwa mwenyeji wake. Mechi moja iliyopangwa bila kutiliwa maanani ilikipa chuo kidogo mahali pa kudumu katika mchezo wa nchi nzima.

Hata hivyo, ni kosa kuyasimulia haya kana kwamba ndiyo desturi. Hukumbukwa kwa kuwa ni nadra. Evansville hiyohiyo iliyoiangusha Kentucky haikushinda hata mechi moja kati ya 18 za ligi yake msimu huo. Kwa kila Stephen F. Austin, zipo timu nyingi zilizolipwa, zikacharazwa kwa alama 30 au 40, zikapanda basi usiku uleule, na hakuna aliyeuliza majina ya wachezaji wake.

Gharama hulipwa na nani?

Suala hili lina mlipaji, naye si kocha wa chuo kikubwa. Hebu tuzitazame timu za vyuo vilivyoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani weusi katika majimbo ya kusini. Nyingi kati yake hazina viwanja vikubwa wala wafadhili wakwasi. Hivyo huweza kuanza msimu kwa kuzunguka nchi majuma mengi, wakicheza ugenini mechi baada ya mechi dhidi ya timu zilizo na kila kitu. Vijana hao ni wanafunzi. Novemba na Disemba ni miezi ya kukamilisha kazi za muhula na kufanya mitihani. Wakirudi chuoni, rekodi yao ina vipigo vingi kuliko ushindi, na msimu wa ligi haujaanza.

Rekodi hiyo huwafuata. Mwisho wa msimu kuna mashindano makuu ya taifa, ambayo mwaka 2011 idadi ya timu zake ilifikishwa 68. Bingwa wa kila ligi huingia moja kwa moja. Nafasi zinazobaki hugawanywa na kamati inayochunguza kila timu ilicheza na nani, wapi, na matokeo yakawaje. Mwaka 2018 kamati iliacha kipimo kilichokuwa kimetumika tangu 1981 na kuleta kingine kiitwacho NET. Pamoja na kipimo hiki, mechi hupangwa katika madaraja manne kulingana na nguvu ya mpinzani na mahali palipochezwa. Ushindi wa nyumbani huingia daraja la kwanza iwapo tu mpinzani yumo katika 30 bora, ilhali ushindi wa ugenini huingia daraja hilo hata kama mpinzani ni wa 75. Wahasibu wa mchezo huu wanakiri, kwa tarakimu, kwamba ugenini ni kugumu.

Lakini kukiri kwao hakumfai mdogo. Asiyepata kumkaribisha mkubwa hana nafasi ya kushinda mechi kubwa nyumbani kwake, na anayekwenda ugenini daima hushindwa mara nyingi mno hata kamati isimtazame. Hivyo chuo kidogo kinaweza kuwa na timu nzuri na bado kikategemea siku chache za kuwania ubingwa wa ligi yake, ambapo kuteleza mara moja ni kufunga msimu. Chuo kikubwa kinaweza kupoteza mechi kumi na bado kikaitwa.

Wakipewa nafasi, wadogo hawa huonyesha walivyo. Katika msimu wa 2018 na 2019, Texas Southern ya mjini Houston ilizishinda Baylor, Oregon na Texas A&M, zote ugenini. Mwaka 2021 ligi ya Pac-12 ya majimbo ya magharibi ilifanya jambo ambalo wakubwa hulifanya kwa nadra: ilikubaliana na ligi ya SWAC, ya vyuo vya watu weusi, kwamba timu zake zitakwenda kucheza huko pia. Novemba 2022 Colorado ilikwenda Grambling ikashindwa. Arizona State ilikwenda Texas Southern ikashindwa. Washington State ilikwenda Prairie View A&M, nayo ikashindwa. Wanafunzi wa vyuo hivyo waliona kwa macho yao kwamba tofauti kati yao na wakubwa ilikuwa, kwa sehemu kubwa, ni tofauti ya nani analala kitandani mwake usiku wa kuamkia mechi. Kwa bahati mbaya Pac-12 yenyewe ilisambaratika mwaka 2024, vyuo 10 kati ya 12 vilipohamia ligi zenye mapato makubwa zaidi ya televisheni.

Hoja za wanaotetea

Haki inadai kwamba hoja za upande wa pili zisikizwe. Wanaotetea mechi za kununuliwa husema kwamba fedha hizo ndizo zinazoendesha michezo katika vyuo vidogo. Hundi tano au sita za Novemba huweza kugharimia safari, vifaa na ufadhili wa masomo, na si kwa timu ya vikapu pekee bali hata kwa michezo ambayo haiingizi chochote. Husema pia kwamba hakuna anayelazimishwa. Aidha, wapo makocha wanaoshikilia kwamba kijana aliyetoka shule ya upili majuzi hawezi kutupwa kilindini siku ya kwanza. Ni lazima aanze kwenye maji ya magoti.

Hoja hizi haziwezi kupuuzwa. Anayetaka mechi hizo zipigwe marufuku kesho sharti aseme fedha zitatoka wapi, na wanaosema hivyo kwa kawaida hawana jibu. Lakini hoja ya fedha inathibitisha uhitaji wa mdogo. Haithibitishi kwamba mpango wenyewe ni wa haki. Anayeuza shamba kwa kuwa ana njaa ameuza kwa hiari kwa maana finyu sana ya neno hilo. Hoja ya maji ya magoti nayo ni sahihi kwa mechi mbili au tatu. Timu inayokaa katika maji hayo hadi Januari haijajifunza kuogelea.

Isitoshe, mambo mawili yamebadilika na kuifanya hali kuwa ngumu zaidi. Tangu mwaka 2021 wachezaji wameruhusiwa kuhama chuo bila kukaa nje mwaka mzima kama ilivyokuwa zamani. Kisha, tangu Julai 2025, vyuo vimeruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi jumla ya dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza wa mpango huo. Si vibaya kijana alipwe jasho lake. Kwa miaka mingi wengine walitajirika kwa jasho hilo. Lakini tokeo lake kwa chuo kidogo ni kwamba mechi ya kununuliwa imegeuka pia kuwa soko la wachezaji. Kijana akicheza vizuri dhidi ya mkubwa Novemba, huenda Aprili akawa mchezaji wa mkubwa huyo au wa mwingine. Mdogo alikwisha kupoteza hadhi ya kukaribisha. Sasa hupoteza na vijana wake.

Waliochagua njia ngumu

Wako waliochagua kinyume, na historia imewahifadhi. John Chaney, aliyefundisha Temple ya Philadelphia kuanzia 1982 hadi 2006, alijulikana kwa mazoezi ya alfajiri kabla ya jua kuchomoza na kwa ratiba ambazo makocha wengine waliziogopa. Aliwapeleka vijana wake, wengi wao wakitoka katika mitaa ya kimaskini, kucheza na wakubwa popote. Walishindwa mara nyingi Disemba. Machi walikuwa hawamwogopi yeyote. Aliifikisha timu hiyo katika mashindano makuu mara 17. Hakuwahi kufika nusu fainali, na ukweli huo nao usifichwe: njia ngumu haiahidi kombe.

Mfano wa pili ni Gonzaga, chuo cha Kijesuti katika mji wa Spokane, chenye kocha Mark Few tangu 1999. Kwa miaka yote hiyo ligi yake ilikuwa dhaifu kuliko ligi kubwa. Kingeweza kuridhika na ubingwa wa kila mwaka nyumbani. Badala yake kiliwatafuta wakubwa nje ya ligi, na kwa njia hiyo kilifika fainali ya taifa mwaka 2017 na 2021. Msimu wa 2020 na 2021 una kisa cha kipekee. Gonzaga na Baylor zilikuwa zimepangiwa kukutana Indianapolis tarehe 5 Disemba 2020. Mechi ilifutwa siku hiyohiyo kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Miezi minne baadaye kamili, tarehe 5 Aprili 2021, timu hizo zilikutana katika mji uleule, safari hii kwenye fainali. Gonzaga iliingia bila kushindwa hata mara moja, na Baylor ikashinda kwa alama 86 kwa 70. Hakuna ajuaye kama kipigo cha Disemba kingeiokoa Gonzaga na kipigo cha Aprili, ila makocha wanaopenda wapinzani wagumu wana sababu ya kufikiri hivyo.

Zaidi ya yote kuna mechi ya tarehe 20 Januari 1968. UCLA, iliyokuwa imeshinda mechi 47 mfululizo, haikuwa na lazima ya kukutana na Houston katikati ya msimu. Ilikubali kwenda hadi Houston kwenyewe, mbele ya watazamaji 52,693. Houston ilishinda kwa alama 71 kwa 69, Elvin Hayes akifunga 39. Mechi hiyo, iliyorushwa kwa televisheni kote nchini usiku, iliwaonyesha Wamarekani kwamba mpira wa vikapu wa vyuo ungeweza kuiteka nchi nzima. UCLA haikuangamia kwa kushindwa. Miezi miwili baadaye ilikutana na Houston tena katika nusu fainali na kuishinda kwa alama 101 kwa 69.

Waliokataa kucheza

Swali la nani atakubaliwa kuwa mpinzani liliwahi kuwa zito kuliko alama. Katika majimbo ya kusini, kwa miongo mingi, timu za wazungu hazikucheza na timu za weusi kabisa. Tarehe 12 Machi 1944, Jumapili asubuhi watu wakiwa makanisani, timu ya wanafunzi wa udaktari wa Duke ilikwenda kwa siri katika chuo cha weusi cha North Carolina mjini Durham. Milango ilifungwa na hapakuwa na watazamaji. Timu ya kocha John McLendon, aliyepata kuwa mwanafunzi wa James Naismith, mwasisi wa mchezo huu, ilishinda kwa alama 88 kwa 44. Baada ya hapo vijana walichanganyika, wakagawana upya timu mbili na kucheza tena. Habari hiyo haikujulikana hadharani hadi miaka ya 1990.

Mwaka 1963 Mississippi State iliondoka jimboni kwake kwa kificho, ikikwepa amri ya mahakama, ili ikacheze na Loyola ya Chicago, timu yenye wachezaji weusi. Ilishindwa kwa alama 61 kwa 51. Hiyo ilikuwa mechi ya mashindano makuu wala si ya kupangwa kwa hiari, lakini safari yenyewe ilikuwa ya hiari, na ya hatari. Vijana hao walijua kwamba kumkubali mtu kuwa mpinzani ni kukiri kwamba mko sawa. Kumkataa, au kumkubali kwa sharti kwamba yeye ndiye aje kwako siku zote na wewe usiende kwake kamwe, ni kusema jambo jingine.

Lifanyike nini?

Makala hii haipendekezi mapinduzi. Yapo mambo matatu yanayowezekana. Kwanza, kila chuo cha ligi kubwa kikubali kumtembelea angalau mpinzani mmoja mdogo kila msimu, kama Pac-12 ilivyojaribu. Chuo kinacholipa mamilioni kwa wachezaji hakiwezi kudai kwamba hakina nauli ya basi. Pili, kamati inayochagua timu iipe ziara ya namna hiyo uzito wake, ili kocha asiadhibiwe kwa kufanya haki. Tatu, mikataba ya mechi za kununuliwa isiingilie majuma ya mitihani ya chuo kinachosafiri. Fedha ziendelee kutoka, lakini ziandamane na heshima.

Wanafunzi wa Kiswahili nao wana la kujifunza hapa. Fasihi yao haikukua kwa kucheza nyumbani pekee. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana na washairi wa Lamu na Pate, na makali ya tungo zake yalinolewa na wapinzani hao. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, wanamapokeo na wanamabadiliko hawakukwepana. Walikabiliana vitabuni, magazetini na makongamanoni, na hadi leo mwanafunzi husoma pande zote mbili na kunufaika. Linganisha hayo na mwanafunzi wa leo anayesoma shairi lake mbele ya marafiki zake wanne, akapigiwa makofi, akaenda kulala. Au tasnifu inayowanukuu wale tu waliokwisha kukubaliana na mwandishi wake. Au mdahalo ambao kila mwaka chuo huwaalika wale kinaojua kitawashinda, katika ukumbi wake mwenyewe.

Swali la wanafunzi wa Kansas na Indiana kila Novemba ni swali jema kwa chama chochote cha wanafunzi kinapoandaa shughuli zake za mwaka. Tunacheza na nani? Likifuatwa na la pili, yaani tutawatembelea lini, litakuwa limekamilika. Mcheza kwao hutuzwa, ni kweli, na tuzo ya nyumbani ni tamu. Ila wahenga haohao walinena pia kwamba tembea uone, na hawakusema mwenzako ndiye atembee.